Wiki ya mwisho Vunjo: wanafunzi wa tiba, orodha ya presha na magadi ya jikoni

Kila Julai na Agosti, ukungu unaposhuka hadi kwenye migomba na watu kushinda wamevaa makoti, miteremko ya Kilimanjaro hupokea wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka Ulaya na Marekani. Wapo wanaokwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, kwa mafunzo ya vitendo yanayotambuliwa na vyuo vyao, wapo wanaokwenda Mawenzi, hospitali ya mkoa, na wapo wanaokuja kwenye zahanati za vijijini kujitolea kwa wiki chache. Kisa hiki ni cha kundi moja la hao wa mwisho: wanafunzi kutoka Uholanzi, wengi wao wa mwaka wa pili na wa tatu, waliokaa wiki sita kwenye zahanati moja ya Vunjo, mashariki mwa Wilaya ya Moshi. Mimi ni muuguzi, na nilikuwa msimamizi wao kwa upande wa wenyeji. Mama ambaye habari zake zinachukua sehemu kubwa ya maelezo haya ameridhia yaandikwe bila jina lake wala la kijiji chake.

Ninakiandika kwa ajili ya wiki yake ya mwisho. Ukisoma taarifa za ziara kama hizi utaona siku ya mapokezi, utaona wanafunzi wamekaa na watoto wa shule, kisha utaona picha ya kuagana. Siku za kufunga mizigo hazisimuliwi, na kwa maoni yangu ndizo zinazoamua kama kijiji kimepata huduma au kimepata wageni tu. Kwa kundi hili, karibu kila jambo la maana tulilolijua kuhusu wagonjwa wetu tulilijua katika siku hizo, na tulilijua kwa sababu ndiko ratiba ilikoweka mambo ya utamaduni: mwishoni kabisa.

Kambi ya upimaji

Vibali vilikuwa sawa. Barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya ilikuwepo, vibali vya Uhamiaji vilikuwepo, na mipaka ya kazi iliandikwa: mwanafunzi hachomi sindano, hazalishi, wala haandiki dawa bila mtumishi wa zahanati kuwa naye. Kwa kazi za kila siku mipaka hiyo iliheshimiwa. Walipima uzito wa watoto kliniki, walisafisha vidonda pamoja nasi, walikwenda shule ya msingi kufundisha kunawa mikono, na jioni walijifunza kusalimia. Sina la kulalamikia hapo.

Kambi ya upimaji ndiyo iliyoleta kazi. Taasisi iliyowaleta ilikubaliana na uongozi wa kata kwamba Jumapili mbili mfululizo, baada ya misa, zipangwe meza kwenye uwanja wa kanisa watu wapimwe presha na sukari bila malipo. Tangazo lilisomwa kanisani pamoja na matangazo ya ndoa, na Vunjo tangazo la kanisani hufika kila kihamba, yaani kila boma na shamba lake la migomba, kabla chakula cha mchana hakijaiva. Watu zaidi ya mia mbili walijitokeza. Meza ya kwanza ilikuwa ya uzito, ya pili presha, ya tatu sukari, ya nne ushauri wa chakula, na ya tano ilikuwa na dawa ndogondogo: vidonge vya maumivu, vitamini, dawa ya minyoo, marhamu za ngozi. Aliyekutwa na presha ya juu aliambiwa apunguze chumvi na afike zahanati. Waliofika walikuwa wachache sana.

Jumatatu ya wiki ya mwisho niliomba orodha ya wote waliokutwa na 140/90 au zaidi. Ilikuwa kwenye kishikwambi cha mwanafunzi mmoja, jedwali safi lenye rangi, kwa Kiholanzi, watu arobaini na kidogo. Jina lilikuwepo, umri ulikuwepo, namba za presha zilikuwepo. Kitongoji hakikuwepo, simu haikuwepo, jina la balozi halikuwepo. Majina yenyewe yalikuwa ya aina ambayo mwenyeji akiyasoma anashika kichwa: Mama Neema, Mama Aika, Bibi Lyimo, Mzee Mtui. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ndilo analompa mgeni kwa sababu ndilo lenye heshima. Ukoo nao ni mpana. Simama barabarani uite Lyimo, watageuka watu wa vihamba ishirini. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika alimsikiliza kila mtu kwa adabu na akaandika alichosikia. Hakuna aliyekuwa amekaa naye kumweleza kwamba kwa jina hilo mtu huyu hatapatikana tena.

Naomba msomaji aone uzito wa jambo hili kitabibu. Presha iliyopimwa mara moja, Jumapili, mtu akiwa amepanda mlima hadi kanisani na kusimama kwenye foleni, haitoshi kumwita mgonjwa. Kipimo hurudiwa siku nyingine, mtu akiwa amekaa na kupumzika, na kikisoma tena 140/90 au zaidi ndipo tunasema ana presha. Kambi ilikuwa imefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilihitaji kumpata mtu yule yule tena, na bila hiyo tulikuwa tumewapa watu zaidi ya arobaini hofu isiyo na tiba.

Jioni mbili tulikaa kwenye chumba cha kungojea: mwenyekiti wa kitongoji, wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii, katekista, na wanafunzi watatu waliokuwa meza ya presha. Mwanafunzi anasoma: mama, miaka 58, alikuja na mjukuu mwenye bandeji mkononi. Katekista anafumba macho kidogo. "Huyo ni Mama Neema wa juu ya mfongo," anasema, akimaanisha mfereji wa maji, "marehemu mume wake alikuwa mwalimu." Anayefuata: mzee, 70, kofia ya sufi, alikataa kupimwa sukari. Wote wanamjua, wanacheka. Mtu mmoja mmoja, orodha ikapata vitongoji, majina ya kadi na namba za simu za watoto walioko Moshi mjini. Niliwatazama wale wanafunzi wakigundua ni kiasi gani cha taarifa za wagonjwa kilikuwa kichwani mwa katekista, na nikatamani wangekaa naye wiki ya kwanza.

Ilibaki swali la kuwaita lini. Mimi nilitaja Jumatano. Mhudumu mmoja wa jamii, mama aliyefanya kazi hii tangu watumishi wengi wa sasa hawajaajiriwa, alikataa palepale. "Sista, Jumatano nani ataacha shamba aje kupimwa mkono? Waiteni siku ya soko." Siku ya soko wanawake wa vijiji vya juu hushuka na mikungu ya ndizi kichwani, na njia yao inapita mbele ya zahanati. Tukakubaliana wapimwe wakati wa kurudi, mzigo ukiwa umeuzwa, baada ya kukaa kwenye benchi barazani kama dakika tano wakizungumza. Watumishi wa zahanati ndio waliopima. Wanafunzi walisaidia kuandika, na kila mtu aliingizwa kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, yaani rejista ya wagonjwa wa nje, ambacho hakipandi ndege. Zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye orodha walifika siku ile moja, na wengi wao presha ilikuwa bado juu.

Mama wa magoti

Mmoja wa waliofika alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Kambini alisoma 172/104. Siku ya soko, baada ya kupumzika, 168/102. Hakuwa mgonjwa mpya: mwaka uliotangulia alishaambiwa hospitali kuwa ana presha na akaandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Nilimuuliza kuhusu chumvi. Akasema amepunguza, tena sana, tangu aliposikia maneno ya meza ya ushauri; hata wajukuu wanalalamika chakula hakina ladha. Nilimuuliza kuhusu dawa, akasema anakunywa.

Hapo ndipo faili za wagonjwa wengi wa presha huishia. Mhudumu ana foleni, namba hazilingani na maelezo, anaandika kwamba mgonjwa hafuati ushauri, anamwongezea dozi au anampa rufaa. Huenda na huyu angeishia hapo. Ikatokea kwamba mama huyu ndiye aliyekuwa amekubali, kupitia jumuiya yake ndogo ndogo, kuwapokea wanafunzi kwa siku ya mapishi, siku mbili baadaye.

Nilikwenda nao kama mkalimani. Walikuwa wasichana wawili na mvulana mmoja. Waliamkia vizuri, mama akaitikia "Marahaba wanangu", akawafunga kanga kiunoni wote watatu na kumpa mvulana kisu cha kumenya ndizi, jambo lililowafurahisha sana majirani. Kulikuwa na mtori kwa ajili ya wageni, na kulikuwa na kiburu, ndizi na maharage, ambacho ndicho chakula chake yeye cha siku nyingi. Maharage yalikuwa jikoni tangu asubuhi. Yalipokawia, mama alichukua donge la rangi ya kijivu kutoka kwenye kopo, akalivunja kwa kisu na kutumbukiza kipande kinachojaa kiganja. Msichana mmoja akauliza ni nini.

"Magadi. Bila magadi maharage haya yatamaliza kuni za wiki nzima."

Msichana yule akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Magadi yanayouzwa kwa madonge masokoni kwetu yanatoka kwenye maziwa ya magadi kama Natron, na ni madini yenye sodiamu nyingi. Chumvi ya mezani, kwa uzito wake, karibu asilimia 39 ni sodiamu. Trona, ambayo ndiyo madini yenyewe ya magadi, ikiwa safi ina karibu asilimia 30. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani gramu 2 hivi za sodiamu. Mama alikuwa amepunguza chumvi kwa uaminifu kabisa, na kila siku alikuwa anakula kutoka kwenye sufuria yenye magadi ambayo hakuna mtu aliyemuuliza. Karatasi ya meza ya nne ilikuwa na picha ya kichupa cha chumvi, soseji na chipsi. Mama huyu hali soseji.

Sitaki kuyatwika magadi mzigo wote. Sodiamu iliyo kwenye chumvi ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupandisha presha, na jikoni mle mle tulikuta mengine mawili yaliyokuwa mazito zaidi. Wakati tunasubiri maharage, mama alitaka kumwonyesha msichana yule dawa zake. Akaleta kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na bamba la amlodipini lililonunuliwa kabla ya Pasaka, na vidonge zaidi ya nusu vilikuwa bado vimo. Alikuwa anakunywa siku kichwa kikimuuma. Kichwa kikipoa, alikuwa anaitunza dawa kwa ajili ya siku mbaya, kwa kuwa duka la dawa muhimu liko mbali na pesa inapatikana ndizi zikiuzwa. Kwake yeye huko ndiko kunywa dawa, na hakuwa amenidanganya.

Kitu cha pili kilikuwa kifuko cha plastiki chenye vidonge vyeupe. Ibuprofeni. Aliipata meza ya tano.

"Hizi za magoti mlinipa ninyi wenyewe," alisema, na alisema kwa shukrani. "Nakunywa asubuhi na jioni. Sasa napanda hadi shamba la juu bila fimbo." Zilipokwisha za kwanza alirudi Jumapili ya pili akapewa nyingine.

Ibuprofeni na dawa za ukoo wake, diklofenaki ikiwemo, huzifanya figo zibakize chumvi na maji mwilini, na kwa mtu mwenye presha hilo ni jambo la kuangalia sana, hasa akizitumia kila siku akiwa na umri ule. Kila muuguzi anajua hivyo. Wanafunzi wale nao walijua. Walinitajia sababu palepale wakiwa wamechuchumaa kando ya mafiga. Hawakuwa wameukosa ujuzi huo. Kilichotokea ni kwamba aliyepima presha alikuwa meza ya pili, aliyetoa vidonge alikuwa meza ya tano, na karatasi ya mgonjwa haikutoka meza moja kwenda nyingine. Kambi ile ile iliyomwambia ana presha ilimpa dawa ya kuiongeza, siku hiyo hiyo, uwanja huo huo.

Mvulana aliyekuwa akimenya ndizi ndiye aliyekuwa meza ya tano. Alitaka kumwomba mama radhi. Nilimwambia asubiri tule kwanza, maana kwa mila zetu huleti neno zito kwa mwenye nyumba sufuria ikiwa bado motoni. Tulipokwisha kunawa, nilimweleza mama mimi mwenyewe, kwa Kichaga kidogo na Kiswahili, kuwa dawa ya magoti inagombana na presha yake na tutaibadilisha. Kijana akasema yake kwa Kiswahili cha wiki sita. Mama akamshika mkono. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: magoti yatakuwaje?

Ni swali la haki. Ukimnyang'anya mtu wa mlimani dawa inayompeleka shambani bila kumpa mbadala, ataifuata dukani kesho. Tulimpangia paresitamo kwa dozi yenye kikomo, mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja ambayo msichana mmoja alimfundisha akiwa ameketi kwenye kigoda, na fimbo irudi kwa njia ya kushuka, kwa kuwa kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Kuhusu maharage, hatukumwambia aache magadi tukaondoka. Kuni ni pesa na ni mgongo wa mtu. Tulikubaliana ayaloweke usiku kucha na kumwaga maji yale, yaive upesi. Amlodipini ikapewa saa maalumu: anapomaliza sala ya jioni.

Mabegi mawili

Kilichonikalia moyoni zaidi baada ya hapo ni mabegi ya dawa zilizobaki. Wanafunzi walikuwa wamezikusanya nyumbani kwao kwa moyo safi, kwa ndugu, maduka na majirani, na walitaka kutuachia zote kama zawadi ya kuondoka. Tulizimwaga mezani: ibuprofeni nyingi, vitamini, antibayotiki zilizobaki kwenye maboksi yaliyokwisha kufunguliwa, matone ya macho, marhamu. Maandishi ya Kiholanzi. Nyingine zilikuwa zimebakiza miezi michache kuisha muda.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa ipo tangu 1996, na inasema waziwazi: dawa ziwe zile zinazohitajika na mpokeaji, ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika, ziandikwe kwa lugha inayoeleweka na watumishi wa huko, na zisiwe zile zilizorudishwa na wagonjwa. Kwa Tanzania dawa za msaada zinatakiwa kuwa na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla ya kuingia. Zinazopenya kwenye mizigo binafsi huiweka zahanati pagumu: ikizitumia inavunja utaratibu, ikizitunza inajaza kabati, ikizitupa shimoni inachafua maji ya mifongo ambayo watu wa chini wanakunywa. Mfamasia wa wilaya alikuja, akachambua kwa utulivu, akachukua zisizofaa ili ziteketezwe kwa utaratibu. Mwanafunzi mmoja alilia. Namwelewa, alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba mtaani kwao kuziomba.

Mashine za kupimia presha tulizipokea kwa mikono miwili, kwa sababu zinatumia betri ambazo duka lolote la hapa linauza, na mikanda yake ilikuwa ya saizi tatu. Vipimo vya sukari vilikuwa na shida nyingine. Kila mashine hukubali vijiti vya kampuni yake tu, na vijiti vya hizi havikuwepo Moshi wala, tulipoulizia, Arusha. Viko kabatini. Mtu anayetaka kuleta kifaa aulize kwanza kinalishwa na nini baada ya yeye kuondoka.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya za mtu zina ulinzi wa pekee, na picha ya mtu akiwa na kidonda chake ni habari ya afya. Tuliketi na simu zao, tukafuta za wagonjwa, na zile za jikoni na za shule wakazipeleka kwa wenyewe kuomba ruhusa. Mama wa magoti alikubali moja tu, ile aliyovaa kitenge kipya.

Sherehe ilikuwa ya nani

Baada ya mambo ya jikoni na mabegi, wanafunzi walikaa usiku wakashauriana, na asubuhi wakaja na pendekezo. Fedha walizotenga kwa sherehe ya kuagana wazitumie kununua amlodipini kupitia utaratibu wa zahanati, na sherehe isiwepo. Niliona ni wazo zuri. Nikalipeleka kwa mwenyekiti, naye akanipeleka kwa mzee mmoja ambaye neno lake pale kijijini husikilizwa.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, waambie pesa zao wanunue dawa. Sherehe ni yetu. Mgeni haondoki kwetu kama aliyefukuzwa." Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilikuwa imeshaanza kutengenezwa siku kadhaa nyuma, ndizi zimeshachemshwa zinachacha, ulezi umeshaoteshwa na kusagwa. Hawa vijana walikuwa wamedhani sherehe ni gharama yao kwa ajili ya furaha yao. Kumbe kijiji kilikuwa na deni la heshima kwao na kilitaka kulilipa mbele ya watu.

Siku yenyewe palikuwa na kisusio (supu ya damu ya mbuzi), nyama ya mbuzi na ngoma za akina mama wa jumuiya. Mzee alionja mbege kwanza ndipo akaipitisha kata kwa wageni. Mmoja wao, akikumbuka karatasi ya meza ya nne iliyosema "acha pombe", aliuliza kwa upole kama wenye presha wanakunywa. Mzee akamjibu kwamba mbege ina msesewe, na msesewe tangu zamani unajulikana kuwa unashusha presha. Wanafunzi walitabasamu kama watu waliosikia hadithi. Mimi nikawaomba wasiipite haraka. Msesewe, mti ambao magome yake huipa mbege uchungu wake, ni *Rauvolfia caffra*, ndugu wa *Rauvolfia serpentina* wa India, mmea ambamo mwaka 1952 ilitolewa reserpini, moja ya dawa za mwanzo kabisa za presha duniani. Mbege haitibu presha, na pombe nyingi huipandisha. Hilo nililisema kwa sauti mzee akisikia, naye akakubali kuwa kata moja si sawa na kata nne. Lakini ule mdomo wa mzee ulikuwa umebeba maarifa yenye mzizi, na mwanafunzi wa tiba anayetoka Kilimanjaro bila kuujua msesewe ametoka na kidogo kuliko alichoweza.

Mzee aliwaita wajukuu. Wakapewa majina ya Kichaga, wakajibu "aika" kwa pamoja. Wawili kati yao walibaki kupanda mlima kwa njia ya Marangu, wengine wakaenda uwanja wa ndege kesho yake.

Yaliyobadilishwa

Tulipokaa na taasisi ile kupanga kundi lililofuata, niliomba jambo moja kubwa: ratiba ipinduliwe. Siku za jikoni, za soko, za kukaa na katekista na wazee ziwekwe wiki ya kwanza, na ziitwe kazi. Wanafunzi waje kambini wakiwa tayari wanajua mama anaitwaje kwenye kadi, maharage yanapikwa na nini, dawa hununuliwa lini. Walikubali, ingawa mratibu alikuwa na wasiwasi kwamba vijana huja na hamu ya kushika vipimo na watakata tamaa wakipewa viazi vya kumenya. Hawakukata tamaa. Meza ya dawa iliondolewa kambini kabisa. Anayehitaji dawa anaelekezwa zahanati. Mgonjwa anatembea na karatasi moja kutoka meza hadi meza. Na wiki ya mwisho haipokei mgonjwa mpya yeyote, ni ya kukabidhi: jina kwa jina, kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mtumishi na mhudumu wa jamii, kwenye rejista yetu na kwa lugha yetu.

Wapo wanaosema siku za kwanza zikienda kwenye utamaduni muda wa huduma unapungua. Kwa wiki sita ni kweli unapungua kwa siku tatu au nne. Ila nimeona kambi ya watu mia mbili ikitoa majina yasiyopatikana, na nimeona mchana mmoja jikoni ukitoa sababu tatu za presha moja. Nikilazimishwa kuchagua, najua nitachagua ipi.

Vuli ilipoanza, mama wa magoti alisoma 144/88. Bado iko juu kidogo, na ameniambia ukweli kwamba wageni wakiwa wengi magadi yanarudi sufuriani. Amlodipini hakosi. Wanafunzi waliniandikia kumuulizia. Nilimwomba ruhusa yeye kwanza, akasema niwape salamu na namba zake zote mbili, ya juu na ya chini.

Kwenye orodha ile wapo watu wanane ambao hata katekista hakuwatambua. Wahudumu wa jamii wanaamini ni watoto wa kijiji wanaoishi Dar es Salaam na Arusha, waliokuwa wamekuja kwenye harusi moja ya Julai. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani. Tumeomba meza moja ya presha iwekwe kanisani siku ya pili ya Krismasi, na padri ameshakubali kusoma tangazo.